Mtani Ndani ya Shimo

Asubuhi ile kifuniko cha shimo kilikuwa wazi, na hakuna mtu aliyemtukana Leokadia Kikoti.

Hilo la pili ndilo lililomtisha kwanza. Kwa muda wote alioishi kwenye kambi ya Lukumburu, Mhehe peke yake katikati ya askari wa Kingoni, hakuwahi kufika kwenye meza ya chai bila kuulizwa mbwa wa kambi amempeleka wapi, maana Wahehe husemwa hula mbwa. Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliwajibu kwamba babu zao walifukuzwa huko kwa Wazulu kwa kukosa adabu, wakatembea nusu ya Afrika wakitafuta pa kujificha, na walipofika hapa Wahehe wakawaonea huruma. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Leo mpishi alimpa kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Leokadia alisogea dirishani. Ukungu wa Lukumburu ulikuwa mzito kama kawaida yake, lakini nyuma ya ghala, mahali ambapo siku zote palikuwa na duara la chuma na zege, sasa palikuwa na mdomo mweusi unaofuka mvuke mweupe.

Kombora lilikuwa moja tu. Dola changa ya Ruvuma haikuwa na uwezo wa la pili, na hata hilo ilipewa na wakubwa wa ng'ambo waliokuwa na hamu na urani yake. Dola ya Nyanda, kwao Leokadia, nayo ilikuwa na lake moja, limefukiwa kwenye miamba ya Kitonga, zawadi ya wakubwa wengine waliopenda umeme wa mito yake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Panzi hawa wawili walipokaribia kuchomana kabisa, ndipo watu wachache wenye akili, wakati bado walikuwapo, wakabuni Mkataba wa Wakaazi. Kila upande upeleke mtu wake mmoja aishi kando ya shimo la mwenzake. Ale na adui, aamke na adui, na kila siku saa tatu asubuhi awaambie wa kwao alichokiona.

Lakini mtu hudanganya, hununuliwa, hutishwa. Kwa hiyo kila mkaazi alipandikizwa Mizani, kidubwasha kidogo kama punje ya mahindi, kinachokaa chini ya ngozi ya koo. Kinasoma pumzi, mapigo ya damu na ule mkazo mdogo wa misuli ambao hakuna binadamu anayeweza kuuzuia. Mkaazi akisema neno kwenye simu ya Mkataba, sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke husema "Kweli" au "Si kweli", na makao makuu ya kwao husikia. Mizani haijui mambo ya dunia. Inajua tu kama msemaji anaamini anachokisema. Na mkaazi akikaa kimya saa tatu ikapita, huhesabiwa ameuawa, na kombora la kwao huruka.

Leokadia aliacha kikombe pale pale, akaenda kumtafuta kamanda.

*

Kanali Osmundi Mbano alikuwa ofisini amesimama, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mzee amefariki," alisema.

Mzee kwa watu wa Ruvuma alikuwa mmoja tu, Mkuu wa Dola, Mzee Luambano.

"Pole sana, mtani. Lini?"

"Jana. Alilala, hakuamka." Mbano alijifuta uso kwa kiganja. "Majenerali wa Songea wanasema kalishwa sumu. Wanasema ni ninyi."

"Sisi? Mzee wa miaka tisini, figo zenyewe za kuazima?"

"Nakwambia wanavyosema wao, siyo ninavyoamini mimi. Amri ni kwamba shimo lifunguliwe, likae wazi mpaka azikwe. Mkijaribu jambo wakati wa msiba, mtukute macho."

Leokadia alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Unajua nikiripoti kwamba kifuniko kiko wazi kitatokea nini."

"Najua."

Wote wawili walijua. Watu wa Nyanda walikuwa na kanuni yao, nao hawakuificha: shimo likifunguka, usingoje. Kombora la Kitonga lingekuja hapa hapa, juu ya kilima hiki, juu ya kambi na vijiji vya bondeni na ile shule ya msingi ambayo kelele za watoto wake hufika mpaka jikoni. Na mitambo ya Mbano ingeliona likija, naye angelirusha lake kabla halijafika, kwa sababu ndiyo kazi aliyoapia. La kwake lingekwenda Iringa, yalipo makao makuu ya Nyanda. Huko Iringa Leokadia alikuwa na mtoto mmoja, Faraja, mwanafunzi wa uuguzi, msichana mwenye kicheko kirefu na asiyejua kupika ugali.

"Danganya," Mbano alisema kwa sauti ndogo. "Sema limefungwa."

"Mizani itasema."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza nimekufa, na ninyi nyote pamoja nami. Wewe ndiye ufunge kifuniko, Osmundi."

"Nifunge kwa sababu Mhehe ameniomba? Huo ni uhaini. Vijana wangu wenyewe watanikamata, na atakuja mwingine kufungua tena. Na huyo atakuja na hasira."

Huko nje askari mmoja alikuwa akilia kwa sauti bila kuona haya, kama mtu aliyefiwa na babu yake.

Kilio hicho ndicho kilichomkumbusha. Zamani Wangoni na Wahehe walipigana vita virefu na vya kijinga, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Walipochoka kuzika, wakavigeuza vita kuwa utani. Tutukanane, tunyang'anyane kuku, tusiuane tena. Na kwenye msiba wa mmoja, mwingine ndiye mwenye kelele zote. Mtani huingia kaburini akalala, huzuia jeneza, hudai apewe chake, na wafiwa, pamoja na machozi yao, hawana ruhusa ya kukasirika wala kumgusa. Humpa kitu, akatoka, ndipo maiti huzikwa. Hata majenerali wa Songea, pamoja na nyota zao zote mabegani, baba zao walizikwa hivyo hivyo.

"Mmeshapata mtani wa msiba huu?" aliuliza Leokadia.

Mbano alimtazama. "Usifanye mzaha leo, nakuomba."

"Nisipoufanya leo nitaufanya lini?"

*

Alijifunga khanga kiunoni juu ya sare ya jeshi la Nyanda, akavua viatu, akatoka mbio kuelekea shimoni akipiga vigelegele.

"Mzee wenu alikuwa mchoyo!" alipaza sauti. "Kafa kwa makusudi ili asinikaribishe nyumbani kwake! Na shimo hili nimelipenda mimi! Limenitosha! Mzee wenu mtafutieni jingine!"

Askari waligeuka wakiwa wameduwaa. Koplo mmoja aliinua bunduki. Mwenzake aliishusha kwa mkono, taratibu. "Acha. Ni mtani huyo." Halafu yule yule akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akakaa chini. Leokadia alipita katikati yao, akashika ngazi ya chuma, akashuka.

Shimo hilo lilijengwa na watu waangalifu. Ndani yake mlikuwa na vihisi vya joto, na injini za kombora hazikubali kuwaka vikihisi mwili wa mtu, kwa sababu mafundi huingia na kutoka na hakuna anayetaka kumchoma fundi. Kulikuwa na njia moja tu ya kuvipuuza. Kamanda mwenyewe, na si mwingine, aweke kidole chake kwenye kioo, akubali kwamba anajua kuna mtu.

Alikaa kwenye kijukwaa chembamba karibu na kichwa cha kombora. Baridi yake ilimpenya mpaka mifupani. Ubavuni mwa kombora mtu alikuwa ameandika kwa chaki, zamani kidogo, *Salamu kwa Wahehe wote*. Leokadia aliusoma mzaha huo mara mbili, akatoa simu ya Mkataba.

Upande wa pili alikuwa Jenerali Kihwele, mkuu wa ulinzi wa Nyanda, mtu mpole wa sauti.

"Meja Kikoti. Sema."

"Kifuniko kiko wazi."

"Kweli," ilisema Mizani.

Alisikia viti vikisukumwa huko, na mtu akitoa amri ya haraka. Akapaza sauti. "Nisikilizeni kwanza! Mkuu wao amekufa, wana hofu, basi. Mimi nimo ndani ya shimo. Nimekaa kando ya kombora lenyewe. Halitaruka."

Mizani ilichelewa. Ilichelewa kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa. Je, Mbano hataweka kidole? Alifikiria mazishi ya mama yake, miaka ile mpaka ulipokuwa ukipitika kwa kibali. Mbano alikuja Iringa na suti yake nzuri, akalala kaburini kwenye matope, mvua inanyesha, akakataa kutoka mpaka apewe fimbo ya marehemu. Ndugu zake Leokadia walicheka kwa mara ya kwanza tangu kifo. Usiku ule alimkuta nyuma ya nyumba, analia peke yake.

"Kanali Mbano hataniua," alisema.

"Kweli."

Pumzi zikashuka huko Iringa. Mtu alisema, "Mungu mkubwa." Leokadia aliegemea chuma, akafurahi. Ndiyo, alifurahi. Alijiona mjanja kuliko majenerali wa dola mbili.

"Meja," alisema Kihwele. "Ukiwa humo, hawezi kabisa kurusha?"

"Hawezi."

"Kweli."

"Hata sisi tukianza?"

Alijibu kabla hajafikiri. "Hata mkianza."

"Kweli."

"Na jingine hawana."

"Hawana, Jenerali. Mnajua."

"Kweli."

Kisha ikaja sauti nyingine, mbali na simu, ya mtu ambaye hakujua kwamba anasikika au hakujali: "Basi leo wako mikono mitupu."

Kihwele aliporudi, sauti yake ilikuwa laini zaidi. "Umefanya kazi kubwa, binti yetu. Kaa humo humo. Usitoke."

"Nikae mpaka lini?"

"Haitachukua muda."

*

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya.

Nyanda haikuzuiwa na upendo miaka yote hii. Wala Ruvuma. Kilichowazuia ni kwamba kila mmoja alijua mwenzake ana meno. Yeye, kwa akili zake nyingi, alikuwa amemng'oa mmoja meno na kumwonyesha mwenzake kinywa kitupu. Hofu ndiyo iliyotaka kuwaua asubuhi. Sasa hofu ilikuwa imetoka, na tamaa imekaa mahali pake. Kombora la Kitonga lingekuja juu ya kilima hiki, juu yake yeye na khanga yake, na baada ya hapo majeshi yangeteremka mpaka Songea bila kizuizi. Kwa Jenerali ilikuwa hesabu nzuri. Kilima kimoja, meja mmoja.

Na Faraja angeishi.

Alilitazama lile kombora kwa chuki. Lilitengenezwa na watu wasioweza hata kulitamka jina la Iringa, likaelekezwa kwa mwanawe, na mtu akaliandikia salamu kwa chaki. Akikaa tu, bila kufanya lolote, chuma hiki kitakufa na mtoto wake ataamka kesho, na keshokutwa, akicheka kile kicheko chake. Alichotakiwa kufanya ni kutii amri. Hakuna mama ambaye angemlaumu. Alilia, akang'ata khanga ili simu isisikie. Alitaka mwanawe aishi kuliko alivyotaka watoto wa watu wote duniani waishi, na hakuona haya kulitaka hilo.

Kutoka bondeni, kupitia ukungu, kengele ya shule iligonga. Watoto wakaanza kupiga kelele za mapumziko, mamia ya sauti nyembamba, hakuna neno hata moja linaloshikika.

Afadhali wangenyamaza. Alikaa akizisikiliza, na kila alipojaribu kukaa zaidi miguu ilimkatalia. Watu watakuja kusema baadaye kwamba alitoka kwa wema, au kwa usaliti, kila mmoja na chake. Ukweli ni kwamba alishindwa kukaa. Alishika ngazi akaanza kupanda, akiwalaani majenerali wa pande zote mbili, na Mkataba, na Mizani, na nafsi yake.

Mbano alikuwa amesimama ukingoni na askari wake. Alimpa mkono, akamvuta juu.

"Mtani, mbona umetoka kabla hujalipwa?"

"Nilipe sasa hivi. Funga kifuniko."

"Nimekwambia siwezi..."

"Nilikuwa kaburini mwenu, nimetoka, nadai changu. Sitaki mbuzi, sitaki nguo za marehemu. Nataka kifuniko. Haraka, Osmundi, wanakuja!"

Uso wa Mbano ulibadilika. Hakuuliza ni nani wanaokuja. Aligeuka kuwatazama vijana wake, na kwa kitambo hakuna aliyesogea. Kisha yule koplo aliyeinua bunduki alikohoa.

"Afande," alisema, "mtani akidai hapewi maneno."

Mbano alikwenda kwenye sanduku la mitambo, akabonyeza. Kifuniko kiliguna, kikaanza kujivuta polepole juu ya shimo, na watu wote walisimama kukitazama mpaka mwanga wa mwisho ukafungika ndani.

"Watanipiga risasi kwa hili," alisema.

"Waambie umemlipa mtani."

"Nitawaambia. Watanipiga risasi wakicheka."

Leokadia alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Jenerali. Nimetoka shimoni."

"Kweli."

"Kifuniko kimefungwa. Leo hawapigi. Lakini mkipiga ninyi, watakifungua kabla kombora lenu halijafika, na watajibu. Hakuna mtu ndani wa kuwazuia."

"Kweli."

Alisikia ngumi ikipiga meza, na watu wawili wakigombana kwa sauti. Alitazama upande wa kaskazini, kwenye ukungu, akisubiri ngurumo. Mbano naye alisubiri, kidole juu ya sanduku. Kelele za huko Iringa zilipungua, zikawa mnong'ono, zikaisha. Ngurumo haikuja.

"Nilikuamuru ukae," alisema Kihwele.

"Ndiyo, Jenerali."

"Tungemaliza leo. Miaka yote hii, tungeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ungejengewa sanamu hapa mjini."

Leokadia alitazama bondeni, zilikotoka kelele za watoto.

"Una mtoto, Meja."

"Faraja. Anasoma uuguzi, hapo hapo mjini."

"Na unajua kombora hilo linaelekea wapi."

"Najua. Nimekaa nalo bega kwa bega."

"Lilikuwa limekufa, mama. Ulikuwa umeliua mwenyewe. Ukapanda ngazi ukalifufua." Sauti yake haikuwa na hasira tena, ila ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa kweli. "Mimi niko chini ya mwamba. Likija siku moja, halitanikuta mimi."

"Najua, Jenerali," alisema Leokadia. "Litamkuta mwanangu. Yeye yuko juu ya huo mwamba wako, nami ndiye niliyemrudisha pale."

Mizani ilisema ilichosema, na simu ikakatika. Leokadia alitembea hatua chache kutoka kwa watu, akatapika kwenye nyasi, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Halafu akaenda kumsaidia Mbano kufunga sanduku lake la nguo kabla gari la Songea la kuja kumkamata halijafika.